Anayenusa Tairi Kabla Mtoto wa Mtu Hajapanda

Upepo wa ziwa bado haujaamka. Juu ya mteremko wa lami, nje kidogo ya Kashikishi, mji wa Zambia wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, Aurélie amesimama na baiskeli yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Mguu mmoja uko chini, mwingine uko juu ya pedali. Hakanyagi. Anaachilia breki tu, na baiskeli inaanza kushuka yenyewe.

Huko chini barabara inakokuwa tambarare, pembeni, kuna mawe saba yaliyopakwa chokaa. Baiskeli inapita la kwanza, la pili, la tatu. Inayumba kidogo, inachoka, inasimama karibu na jiwe la nne.

Aurélie anashuka. Anabonyeza ubavu wa tairi la nyuma kwa kidole gumba, anazungusha gurudumu polepole, anabonyeza tena. Kisha anafanya jambo ambalo wenyeji wamelizoea na wageni hulicheka: anainama, anasogeza pua, ananusa.

"Hii haitembee mbali," anasema. "Lakini haidanganye mutu."

Anatoa chaki mfukoni na kuchora duara dogo ubavuni mwa tairi. Duara hilo ndilo kazi yake. Kijana wa mbio akiliona, anapanda. Wasipoliona, wengi siku hizi hawapandi.

Aurélie ana miaka arobaini na mmoja. Alivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, mwaka 2017, pamoja na mumewe Méschac na binti yao Plamedie, na sasa wanaishi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Méschac analima mihogo. Aurélie hulima naye siku tatu za juma, na siku zilizobaki huja mjini kupima matairi ya baiskeli za mbio.

Kazi hiyo hakuna aliyempa. Miaka ya nyuma, Méschac alikuwa akibeba magunia ya chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru, juu ya baiskeli, ambayo watu wa hapa huiita kinga. Siku moja tairi la mbele lilipasuka akiwa kwenye mteremko. Bega lake la kushoto halijainuka sawasawa mpaka leo.

"Ile pine ilikuwa nyeusi, ilikuwa inangaa," anakumbuka Aurélie, kwa Kiswahili cha kwao ambamo tairi ni pine na ndiye ni njo. "Mutu anaona weusi, anawaza ni mupya. Mi njo nilimuambia ununue hii, ni muzuri. Basi nikajiuliza: muzuri, niliona na nini? Na macho tu."

Tangu hapo alianza kujifunza kuona kwa vitu vingine.

Baadaye mfanyabiashara wa samaki aitwaye Aubrey alianzisha timu ya mbio, akiokota vijana waliokuwa na miguu ya kubeba magunia. Baiskeli zilikuja za mitumba, na matairi yalikuja na wachuuzi kutoka Lubumbashi, yamefungwa kwa kamba kama kuni. Yalitoka wapi kabla ya hapo, hakuna ajuaye.

Msomaji asiyejua mambo haya aelewe kwamba tairi la mbio si kama la baiskeli ya mizigo. La mizigo ni nene kama kiatu cha shamba. La mbio ni jembamba, jepesi, mengine hukunjika kama nguo ukayatia mfukoni, na tena hujazwa upepo mpaka yawe magumu kama mti. Mpira wake ni ngozi tu juu ya nyuzi. Nyuzi zikiwa nyingi na laini, tairi hulala vizuri barabarani na hukimbia. Zikikatika, hakuna cha kukuzuia kuanguka.

Kwa hiyo Aurélie huanza kwa kuligeuza ndani nje kama soksi, akitafuta nyuzi zilizokatika. Hulipima kwenye mizani ya samaki, kwa sababu matairi mawili yenye jina moja yakitofautiana sana uzito, moja ni la bandia. Hulijaza upepo na kulizamisha kwenye beseni la maji. Hulining'iniza siku tatu likiwa limejaa, aone kama litaota jipu.

Mwisho huja mteremko wa mawe saba. Baiskeli ni ileile, mpandaji ni yuleyule, saa ni ileile kabla ya upepo, na hakuna kukanyaga. Tairi zuri litampeleka mbali, na baya litamwacha njiani.

"Siko na mashini," anasema. "Niko na mulima na nguvu ya Mungu ya kuvuta vitu chini. Inatosha."

Kwa kila tairi hulipwa kwacha ishirini. Juma zuri hupima kumi. Juma baya hukaa na chaki yake mfukoni akiangalia mashua.

Anapima kila tairi kwa mwili wake mwenyewe, na huliweka nyuma kwanza, kwa maana tairi la nyuma likipasuka mtu huweza kuishika baiskeli, lakini la mbele humtupa. Hajawahi kumtuma mtoto wa mtu ajaribu. Wengine humwambia ni mwoga. Yeye hukubali kwamba ni mwoga, ndiyo maana anaifanya kazi hiyo.

Katika timu ya Aubrey kuna wasichana wawili. Mmoja ni Chileshe, mtoto wa mvuvi wa Chisenga. Mwingine ni Plamedie, binti wa Aurélie mwenyewe, mwenye miaka kumi na tisa.

Mwaka jana, katika mzigo mmoja kutoka Lubumbashi, Aurélie alipata jozi ambayo hajaona mfano wake. Matairi mawili mepesi yenye nyuzi laini, na mpira wake bado unasukuma kidole kirudi. Siku ya kuyapima, baiskeli ilipita jiwe la saba ikaenda mbele kama hatua kumi. Hakuna jiwe lililowekwa huko.

Aliyanunua kwa kwacha mia tano, malipo yake ya matairi ishirini na tano. Hakuyauza wala hakuyaazima. Aliyafunga kwa kitenge, akayaweka chini ya kitanda cha Plamedie, na kumwambia: haya ni ya mbio za Puta.

Mbio za kutoka Kashikishi hadi Puta hufanywa mara moja kwa mwaka. Safari hii kulikuwa na neno zaidi. Watu wa mbio kutoka Mansa waliahidi kuchukua wasichana wawili wa kwanza, wakafundishwe Kitwe miezi sita, chakula na malazi juu yao. Kwa mtoto wa makazi ya wakimbizi, mlango wa namna hiyo haufunguliwi kila siku.

Jumatano kabla ya mbio, Aurélie alivuta kitenge kutoka chini ya kitanda. Alikifungua, akainama kunusa kama kawaida yake, kisha akanusa tena.

Tairi lilinuka mpira. Lakini chini ya mpira kulikuwa na harufu nyingine, tamu kidogo, ya jikoni. Lilinuka mafuta ya ngazi, yaani mawese.

Alimwita Plamedie, akamwuliza nani amegusa matairi haya.

Plamedie alijibu bila woga, tena kwa furaha, kama mtoto aliyeulizwa nani ameosha vyombo. Ni yeye. Kila Jumamosi, miezi minane, aliyafungua na kuyapaka mafuta kwa kitambaa safi, yasikauke na upepo wa kiangazi. Mbona wavuvi hupaka mafuta makasia yasipasuke? Mbona mama mwenyewe alimfundisha kupaka visigino, na kamba za viatu, na mpini wa jembe? Kando ya ziwa hili, kitu unachokipenda unakipaka mafuta.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mafuta ni dawa ya mti na ya ngozi, lakini mpira hunywa mafuta na kulegea. Unavimba kidogo kidogo, unaachana na nyuzi zake, na wakati wote huo kwa nje unazidi kung'aa. Wachuuzi wengine hufanya hivyo makusudi, mafuta na masizi ya sufuria, ili tairi kuukuu lionekane jipya. Plamedie alifanya kwa mapenzi. Mpira hautofautishi.

"Nilifundisha batu ya Nchelenge muzima wasipakale mafuta," anasema Aurélie, akiangalia mikono yake. "Mu nyumba yangu sikusema. Niliwaza mutoto wangu anajua, juu anakulia mu hii kazi. Mi njo nilimufundisha kupakala kila kitu. Ile kosa niliileta mimi."

Aliyaosha matairi kwa sabuni mara tatu. Maji yalitoka na rangi ya machungwa, kisha safi. Harufu ilibaki.

Alhamisi asubuhi alianza kupima. Ndani nje, hakuna uzi uliokatika. Majini, hakuna povu. Mlimani, yakapita jiwe la saba na kwenda mbele, hatua nane. Plamedie aliyekuwa amesimama huko chini aliruka juu na kupiga makofi.

Alimwambia mama yake kwamba pua imekosea. Aurélie alisema pua haina faida yoyote ya kumdanganya.

Wakati huo Aubrey alikuwa amekwisha kusikia. Alikuja na pikipiki yake, mtu mnene mwenye kucheka, akabonyeza tairi, akasema liko imara. Alitaka duara la chaki lichorwe, maana kwa sheria ya timu yake, aliyoiweka mwenyewe, hakuna kupanda bila duara.

"Mama Plamedie," alisema, "hapa hata Biblia inanuka chisense. Tuache kusali?"

"Ba Aubrey, Biblia hatuipande tukashuka nayo mulima."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na Aubrey naye alicheka. Lakini alipomaliza kucheka alisema jambo la kweli. Jozi ya akiba ya Plamedie, ile ya kila siku, hufika jiwe la nne. Chileshe ana matairi ya jiwe la sita. Kuna pia wasichana wa Mansa na Kawambwa wenye matairi ya dukani. Akamwuliza Aurélie kama anajua anamnyima nini mtoto wake.

Aurélie alijibu kwamba anajua. Akaomba apewe mpaka kesho mchana.

Plamedie anaukumbuka usiku huo. Baba yake Méschac alikula, akamwangalia mama, akamwangalia binti, akasugua bega lake, akaenda kulala.

Kwa nini mchana? Kwa sababu mbio zingeanza saa tatu na kuishia karibu na saa sita, lami ikiwa ya kuchoma. Vipimo vyote vya Aurélie ni vya asubuhi, wakati wa baridi na utulivu, na hilo ndilo lililomtia shaka. Alikuwa amepima kukimbia, hajapima joto. Mpira uliokunywa mafuta huweza kusimama asubuhi, na jua likapanda ukasalimu amri.

Ijumaa saa saba mchana walipanda mlimani wote watatu, Aurélie, Plamedie na Aubrey. Lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Aurélie aliweka tairi moja la jozi ile nyuma, mbele akaacha la zamani, akayajaza yote mawili paundi tisini kwa pampu ya kusimama. Alifunga kichwa kwa kitenge, akafunga kingine viwiko.

Plamedie alisema yeye ndiye atakayepanda, matairi ni yake na kosa ni lake. Mama yake alimtoa mkono kwenye usukani, kidole kimoja kimoja.

Mara ya kwanza alishuka salama. Alipanda tena kwa miguu akisukuma baiskeli, jasho linamtoka. Mara ya pili alishuka salama, akafunga breki kwa nguvu kwenye kona ya chini, kama wanavyofanya kwenye mbio. Aubrey akasema basi, mama, imetosha, chora.

"Mutoto wangu hataenda Puta mara mbili za mulima," alijibu. "Ataenda saa tatu muzima."

Mara ya tatu, katikati ya mteremko, ulisikika mlio kama wa bunduki.

Baiskeli iliyumba kulia, ikayumba kushoto, ikaingia mchangani na kumlaza Aurélie ubavuni. Plamedie alikuwa wa kwanza kufika. Mama yake alikuwa amekaa chini, kiwiko kimechubuka, goti linavuja damu, na jambo la kwanza alilofanya si kuangalia goti. Aliligeuza gurudumu, akatia kidole kwenye ubavu wa tairi. Mpira ulikuwa umeachana na nyuzi zake, urefu wa kidole, unang'oka kama ganda la ndizi iliyoiva.

Alimpa binti yake lile tairi alishike.

Plamedie alilinusa. "Ngazi," alisema, na kuanza kulia.

Jumamosi alipanda na matairi ya jiwe la nne. Mama yake alikuwa ameyachora duara asubuhi ile. Watu waliokuwa Puta wanasema alikanyaga kama mtu anayekimbiza gari, na kwamba mpaka soko la mwisho alikuwa pamoja na wa mbele. Baada ya hapo wenzake waliteleza mbele kidogo kidogo, bila kukanyaga zaidi yake. Chileshe akawa wa kwanza, msichana wa Mansa wa pili, Plamedie wa tatu.

Waliochukuliwa ni wawili.

Si hadithi yenye kufuta machozi, na Aurélie hataki iandikwe kama vile alishinda. Nilipomwuliza kama angekuwa na nafasi nyingine angefanya vingine, alichukua beseni lake akaanza kulifuta.

"Kila siku nawaza," alisema. "Labda ya mbele ingevumilia. Labda ingepasuka fasi ya muchanga, si fasi ya lori. Labda angekuwa Kitwe leo. Hii labda ni mingi, haina mwisho. Lakini ile goti lilikuwa langu. Hapo sina labda."

Mimi ninayeandika habari hii nami nina mtoto asiyeshuka kwenye baiskeli, na niliporudi nyumbani nilianza na banda la baiskeli. Chupa ya mafuta ilikuwa juu ya rafu, karibu na matairi. Mimi pia nilikuwa sijawahi kumwambia neno. Kwa hiyo mzazi unayesoma, usingoje mbio. Leo jioni bonyeza, geuza ndani nje, nusa. Tairi linuke mpira. Likinuka jiko, hata kama linang'aa, hata kama mtoto ameomba kwa magoti, likate ufungie kuku.

Jumatatu ya pili baada ya mbio, kijana mmoja kutoka Chienge alileta matairi mawili meusi, mazuri ajabu, akataka duara haraka kwa sababu gari lilikuwa linamngoja. Aurélie alikuwa bado anachechemea. Kabla hajainuka, Plamedie alichukua tairi, akasogeza pua, akamrudishia mwenyewe.

"Nani alizipakala?" aliuliza. Kijana akasema ni bibi yake, bibi anazipenda sana. "Mi pia nilizipenda," Plamedie alimwambia, na kumwonyesha lile tairi lililopasuka, ambalo sasa limetundikwa kwenye mlango wa kibanda chao kwa msumari mmoja.

Sasa mama na binti wana mpango. Wameona injini ya kinu cha kusagia mahindi iliyoachwa huko Mantapala, na fundi mmoja amesema kwa kwacha elfu mbili anaweza kuiunganisha na pipa la chuma. Pipa litazunguka, tairi litazunguka juu yake, na juu ya tairi litawekwa sanduku la mawe yenye uzito wa mtu. Saa tatu nzima, juani, likipasuka lipasuke. Wamekwisha kuweka kwacha mia sita. Aubrey ameahidi mia tano, na Aurélie anasema atamwamini akiziona.

"Siku ile nitaikala pembeni, kwa kiti, na chai," anasema Aurélie. "Mawe njo yataanguka. Mawe haina mama."

Plamedie anajaza upepo tairi la kijana mwingine, akihesabu kimoyomoyo kila anaposukuma pampu. Mbio za Puta za mwaka ujao zimebakiza miezi kumi na moja, na watu wa Mansa wamesema watarudi. Anaulizwa kama atapanda.

"Nitapanda," anasema bila kuinua kichwa. "Mawe kwanza, kisha mimi."